Kabla Hujasema "Tumepigwa": Namna ya Kupima Mauzo ya Mchezaji Miaka Ikishapita

Dirisha la usajili likifungwa, vijiweni ndiko kesi zinakofunguliwa. Uwe stendi ya Korogwe ukisubiri gari la Mombo, au Chanika pale Handeni mjini ukiwa umekaa na bodaboda, utazikuta zile zile. Simba walimtoa Samatta kwa bei ya kutupa. Coastal waliuza nguzo zote mwaka 2020 wakabaki na jezi. Yanga walimwachia Fei Toto, akaenda kufunga mabao 19 Azam. Kila kesi ina mshtakiwa, naye ni kiongozi wa klabu, na kila kesi ina shahidi mmoja tu: yaliyotokea baadaye.

Nakuomba usiridhike na shahidi huyo peke yake. Wanachama ndio wanaochagua viongozi, na wanachagua kwa kumbukumbu za mauzo kama haya. Kiongozi akihukumiwa kwa jambo ambalo hakuna mtu angeweza kulijua, atakayemfuata ataogopa kuuza hata pale panapofaa kuuza. Na kiongozi aliyeharibu kweli, kwa uzembe wa karatasi, atapona kwa sababu sote tulikuwa tunatazama mabao. Kupima kwa haki kuna faida ya mfukoni kabisa.

Anza kwa kurudi siku ya kusaini. Andika tarehe ya mkataba kwenye karatasi, kisha tafuta watu waliandika na kusema nini wiki ile: magazeti ya michezo, msimamo wa ligi ulivyokuwa, umri wa mchezaji, mechi alizocheza mpaka siku hiyo. Chochote kilichotokea baada ya tarehe hiyo kiweke kando kwanza. Kazi hii ni ngumu kuliko inavyosikika, maana akili ikishajua mwisho wa hadithi huona kama mwanzo wake ulikuwa wazi tangu zamani.

Chukua kesi ya Mbwana Samatta. Mwaka 2011 alikuwa kijana wa miaka 18, ametoka African Lyon, ana muda mfupi tu Msimbazi. TP Mazembe walimwona Simba ilipokutana nao kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka huo. Na Mazembe wa wakati ule hawakuwa wababaishaji: walilitwaa kombe hilo 2009 na 2010, na Desemba 2010 walicheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia na Inter Milan. Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani. Kijana mwenye kipaji, msimu mmoja wa ushahidi, na klabu kubwa kuliko zote Afrika kwa wakati huo inagonga hodi.

Leo tunajua mengine. Januari 2016 alitangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, akaenda Genk ya Ubelgiji. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi, Genk wakawa mabingwa. Januari 2020 akasajiliwa Aston Villa, Mtanzania wa kwanza Ligi Kuu ya Uingereza, na Machi mosi mwaka huo akaifunga Manchester City pale Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi. Ukiweka pesa ya Villa kando ya pesa ya Simba, damu inachemka. Lakini mchezaji aliyenunuliwa na Villa si yule aliyeuzwa na Simba. Katikati yao, kabla hata ya Genk, kuna miaka karibu mitano kwa Mazembe kule Lubumbashi: mshahara, mazoezi, mechi za kimataifa kila mwaka, ubingwa wa Afrika wa 2015. Thamani ile iliongezwa na Mazembe, ikaongezwa na jasho la Samatta mwenyewe. Anayedai Simba walipigwa anadaiwa jibu la swali moja: angebaki Msimbazi miaka hiyo mitano, nani angemwona, na angekuwa amefika kiwango gani? Inawezekana angefika. Ila hilo linahitaji hoja, halitoshi kusemwa kwa sauti kubwa.

Wakulima wetu wanalielewa jambo hili kuliko wachambuzi wa redioni. Mtu wa Kwamatuku akiuza mahindi Agosti, na jirani yake akasubiri mpaka Februari bei ikapanda, tutasema wa kwanza alikosea? Inategemea. Alikuwa na ada ya mtoto ya kulipa? Alikuwa na mahali pakavu pa kuhifadhia? Na kama dumuzi wangeingia kwenye ghala la jirani wakaacha unga tupu, tungemsifu nani? Mauzo yale ya Agosti ni yale yale katika hali zote mbili. Kilichobadilika ni dumuzi, na dumuzi hawakuwepo siku ya kuuza.

Kwa hiyo tenganisha maswali mawili ambayo kijiweni huulizwa kwa pumzi moja. La kwanza: uamuzi ulikuwa mzuri kwa waliyoyajua? La pili: mambo yaliishaje? Uamuzi mzuri unaweza kuishia pabaya, na uamuzi wa hovyo ukaokolewa na bahati. Ukijibu la pili ukadhani umejibu la kwanza, umehukumu bahati ukamfunga mtu.

Kuna kesi ya besiboli, mchezo wa Wamarekani, inayolionyesha hili kwa namba. Kule klabu hubadilishana wachezaji moja kwa moja, mtu kwa mtu, na tarehe 12 Agosti 1987 Detroit Tigers walimtoa John Smoltz, kijana wa miaka 20 aliyekuwa bado timu za chini, wakampata Doyle Alexander, mrushaji mpira wa miaka 36 kutoka Atlanta Braves. Smoltz akaja kuwa mmoja wa warushaji wakubwa wa kizazi chake: ubingwa na Atlanta 1995, tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake 1996, na mwaka 2015 akaingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa mchezo huo. Alexander, miaka miwili tu baada ya kuhamia Detroit, alipoteza mechi 18 kwa msimu. Ukisimulia hivyo, Detroit ni wajinga. Sasa soma wiki zilizobaki za 1987. Detroit walikuwa wanakimbizana na Toronto kuongoza kundi lao. Alexander alishinda mechi 9 bila kupoteza hata 1, na Detroit wakamaliza juu ya Toronto kwa tofauti ya mechi 2. Toa zile 9 uone wangekuwa wapi. Walinunua kitu fulani kwa msimu fulani, wakakipata. Bei ilikuja kuwa kubwa sana, na ni haki kulisema hilo pia. Lakini swali la haki linaanza hivi: walikuwa wanatafuta nini, na walikipata? Nani alikuja kuwa nyota ni swali la baadaye.

Turudi nyumbani, maana kesi inayotuuma sisi wa mkoa wa Tanga ni ya Coastal Union. Msimu wa 2019/20 ulipokwisha, Wagosi wa Kaya waliwatoa watu watatu kwa mpigo: nahodha na beki wao wa kati Bakari Mwamnyeto akaenda Yanga, pacha wake wa ulinzi Ibrahim Ame akaenda Simba, na mshambuliaji Ayoub Lyanga akaenda Azam. Je, ilikuwa hasara? Jibu linategemea unapima siku gani, na hapa ndipo watu wengi hudanganyana bila kujua.

Ukipima Julai 2021, ilikuwa balaa. Coastal ilikwenda kucheza mechi za mtoano na Pamba ya Mwanza ili isishuke daraja. Ukipima Julai 2022, unapata hadithi nyingine kabisa: Coastal ileile iko Arusha, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam dhidi ya Yanga, sare ya 3-3, mabao yote matatu ya Coastal yamefungwa na Abdul Suleiman "Sopu", na Yanga wanachukua kombe kwa penalti tu. Sopu naye akauzwa Azam baada ya mechi hiyo, kesi nyingine ikafunguliwa. Na ukipima mwisho wa msimu wa 2023/24, Coastal imemaliza nafasi ya nne Ligi Kuu, nyuma ya Yanga, Azam na Simba, imekata tiketi ya kimataifa. Basi kabla hamjaanza kubishana, kubalianeni tarehe ya kupimia na sababu yake. Ninayoiona mimi kuwa ya haki ni siku ambayo mkataba wa mchezaji ungekwisha kama asingeuzwa. Kilichouzwa ni miaka iliyobaki kwenye ule mkataba. Baada ya hapo angeweza kuondoka bure, na sifa za miaka yake ya mbele zisidaiwe kwa aliyemuuza.

Kisha waangalie wale mabeki wawili. Mwamnyeto akawa nahodha wa Yanga, mataji ya ligi mfululizo, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023. Ame hakupata namba ya kudumu Simba na hatimaye akaondoka. Wote walitoka kwenye ukuta mmoja, chini ya kocha mmoja, Juma Mgunda, na wakauzwa na uongozi mmoja katika dirisha moja. Anayesema viongozi wa Coastal walikuwa vipofu kwa Mwamnyeto akubali pia kusema walikuwa na macho ya tai kwa Ame. Hakuna anayesema hivyo, na hiyo ni dalili kwamba tunahesabu mauzo yanayotuuma tu. Ukitaka kumpima kiongozi, orodhesha mauzo yake yote, yaliyolipa na yaliyoumiza, ndipo useme.

Jambo linalofuata ni hali ya muuzaji. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kusaini na klabu nyingine akibakiza miezi 6 au pungufu kwenye mkataba wake. Klabu ya mkoani yenye beki mzuri aliyebakiza mwaka mmoja, asiyetaka kuongeza, na Simba na Yanga wakimpigia simu kila jioni, haina bei ya kujadiliana sana. Ina mlango unaofungwa polepole. Hali huwa mbaya zaidi klabu ikishuka. Msimu wa 2015/16 mkoa wetu ulipoteza timu tatu Ligi Kuu kwa mpigo: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT ya Handeni. Klabu ikishuka, kila mnunuzi anajua kwamba mapato yamekatika na kwamba wachezaji wenyewe wanataka kuondoka. Ukikuta mchezaji aliuzwa kwa bei ndogo majira kama hayo, usilinganishe bei ile na thamani yake akiwa na furaha kwenye timu iliyo juu. Ilinganishe na kile ambacho klabu ingepata kama isingeuza, ambacho mara nyingi ni sifuri.

Kesi ya Feisal Salum, yule Fei Toto wa vijiweni, inaingia hapa. Desemba 2022 alitangaza kuachana na Yanga akiwa bado na mkataba, na iliripotiwa kwamba aliweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu kuuvunja. Shirikisho la soka nchini, TFF, likasema bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita hachezi. Juni 2023, baada ya Rais Samia kuwaomba viongozi wa Yanga wakiwa Ikulu walimalize suala hilo, akauzwa Azam. Msimu uliofuata akafunga mabao 19 ya ligi, na Azam ikamaliza ya pili na kupata nafasi ya Ligi ya Mabingwa. Waliosema Yanga imejimaliza walikuwa wengi. Lakini Yanga ilikuwa na nini hasa mkononi mwaka 2023? Ilikuwa na haki ya karatasi juu ya mchezaji asiyetaka kuvaa jezi yake. Iliigeuza haki hiyo kuwa pesa, na msimu wa 2023/24 ikatwaa ubingwa, kiungo wake Aziz Ki akiwa mfungaji bora kwa mabao 21. Azam walifaidika na Yanga hawakuumia. Faida ya mnunuzi haitoki lazima mfukoni mwa muuzaji.

Kinyume chake kipo pia, na Simba wanakikumbuka. Agosti 2021 waliwauza Luis Miquissone kwa Al Ahly ya Cairo na Clatous Chama kwa RS Berkane ya Morocco. Luis ndiye aliyewafunga hao hao Al Ahly pale kwa Mkapa Februari ya mwaka huo. Simba, mabingwa mara nne mfululizo, wakapoteza ligi kwa Yanga isiyofungwa hata mechi moja. Chama akarudi Januari 2022. Luis hakung'ara Cairo, akapelekwa kwa mkopo Saudi Arabia, na aliporudi Simba 2023 hakuwa tena yule wa 2021. Muuzaji aliyumba, mnunuzi hakupata alichokitaka, na mchezaji alipoteza miaka yake mizuri. Anayetafuta mshindi katika biashara hiyo atahangaika bure.

Mpaka hapa inaweza kuonekana nawatetea viongozi. Siwatetei. Nataka tuwashike pale wanapostahili kushikwa, na mahali penyewe ni ndani ya mkataba, kwenye mambo waliyoweza kuyajua siku ileile.

La kwanza ni pesa kuingia. Januari 2013 Simba walitangaza kumuuza Emmanuel Okwi kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000, na siku ile kila mtu alisifu. Pesa haikuja kama ilivyotangazwa, suala likafika FIFA, na kabla mwaka haujaisha Okwi alikuwa amevaa jezi ya Yanga. Kwa hiyo ukiambiwa bei, uliza: kiasi gani kililipwa siku ya kusaini, kilichobaki kinalipwa lini, na mnunuzi asipolipa inakuwaje? Maswali haya hayahitaji utabiri.

La pili ni asilimia ya mauzo ya baadaye. Klabu inayomtoa kijana wa miaka 19 inajua kabisa kwamba haijui atakuwa nani. Ndiyo maana kuna kifungu cha kudai sehemu ya pesa akiuzwa tena. Kiongozi aliyekubali bei ndogo akakiweka kifungu hicho ameikubali hali ya kutojua na kuiwekea dhamana. Aliyekisahau ndiye wa kulaumiwa, hata kama mchezaji hakufika popote.

La tatu linatuhusu sisi wa Handeni na Korogwe moja kwa moja, maana huku tunazalisha vijana zaidi ya tunavyouza. Mtoto anaonekana kwenye UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, au ligi ya wilaya, anachukuliwa na timu ya Tanga mjini, na timu ya kata inapewa mipira miwili na seti ya jezi. Baada ya miaka tunalalamika. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa nchi nyingine mkataba wake ukiwa hai, asilimia 5 ya ada inagawanywa kwa klabu zilizomlea tangu mwaka anaotimiza miaka 12 hadi 23. Kila mwaka wa umri wa 12 mpaka 15 una asilimia 5 ya fungu hilo, na kila mwaka wa 16 mpaka 23 una asilimia 10. Tuseme kijana wa Magoma, aliyekaa na timu yenu akiwa na miaka 16 na 17, anauzwa Misri kwa dola milioni 1. Fungu ni dola 50,000, sehemu yenu ni asilimia 20, yaani dola 10,000. Hupati kitu Coastal ikimuuza kwa Yanga, kwa kuwa hayo ni mauzo ya ndani. Unapata Yanga ikimtoa nje, na unapata tena kila anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine mkataba wake ukiwa haujaisha. Tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo maalumu Paris kinachosimamia malipo haya, na kinafuata pasipoti ya mchezaji ya kielektroniki, inayotokana na kumbukumbu za usajili za shirikisho la nchi.

Kama jina la timu yenu halimo kwenye kumbukumbu hizo, kwa sheria hamkumlea. Kwa hiyo mkibishana kama timu ya kata ilipigwa kwa mipira miwili, msianze na mipira. Ombeni faili. Je, kijana alisajiliwa TFF kupitia chama cha wilaya, au alicheza kwa jina la kaka yake? Tarehe yake ya kuzaliwa inalingana na cheti? Siku aliyoingia na aliyotoka zimeandikwa? Barua ya kumruhusu ilisainiwa na nani, na nakala iko wapi? Yakiwepo yote hayo, timu haijamaliza kulipwa, na mipira ile ilikuwa malipo ya awali tu. Yakikosekana, mtafuteni aliyekuwa katibu wa timu mwaka ule, na hizo fomu za vijana wa msimu huu zijazwe kabla hawajaanza kuitwa majaribio.